Mtoto asiyetulia na bei ya dawa yake

Yako maradhi ambayo sisi watu wa Pwani tumekubali kuyataja hadharani. Sukari na presha, mathalani, huzungumzwa mabarazani kama zinavyozungumzwa habari za mvua, na si ajabu kumsikia mzee akimwuliza mwenzake nje ya msikiti, baada ya swala ya Alasiri, kama sukari yake imeshuka. Na yako mengine ambayo mpaka leo hatujayapa jina. Mtoto akishindwa kukaa kitako chuoni, akiruka kutoka aya hii hadi ile, akipoteza kalamu tatu kwa juma moja na kumkatiza maalim maneno kabla hajayamaliza, tutasema ni mtukutu. Akizidi tutasema ana pepo. Tukishindwa kabisa, tutasema mamake hakumlea.

Madaktari wana jina lao. Husema hiyo ni hali ya ubongo kushindwa kushika makini na kuutuliza mwili, nao huiita kwa herufi nne za Kiingereza, ADHD. Sikukusudia leo kubishana na yeyote kama maradhi haya yapo au hayapo. Atakaye kubishana na aende akae siku moja na mtoto wa namna hiyo, kisha arudi tuzungumze. Wala siwakatazi watu dua na kombe, kwani dua haijapata kumzuia mtu kwenda hospitali. Ninalotaka kulichambua ni jambo ambalo mzazi hukutana nalo pale anapokuwa amekwisha kubali, amekwenda kwa daktari, amepewa cheti cha dawa mkononi, na sasa amesimama mbele ya duka la dawa. Jambo hilo ni bei.

Limenigusa kwa sababu limo ukooni mwetu, tena mara mbili. Dadangu hapa Mombasa ana kijana wa miaka 12 aliyeandikiwa dawa hizi. Binamu yetu aliyehamia Minneapolis, Marekani, ana binti wa rika hilo hilo mwenye tatizo hilo hilo. Kwa muda mrefu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye nafuu. Dadangu alidhani Marekani dawa ni bwerere kwa kuwa ni nchi ya matajiri, na binamu alidhani huku kwetu kila kitu ni rahisi kwa kuwa nyanya ni rahisi. Nilipozikusanya habari zao, na kuzisoma pamoja na mambo yaliyotokea katika biashara ya dawa hizi miaka ya karibuni, niliona kwamba wote wawili walikuwa wakilipa zaidi ya ilivyopasa, na kwamba sehemu kubwa ya ziada ile, huko na huku, ilitokana na watu kunyamaza.

Tuanze na dawa yenyewe. Wengi hudhani ni ghali kwa kuwa ni uvumbuzi mpya. La hasha. Mwaka 1937 daktari wa Kimarekani, Charles Bradley, aliyekuwa akitibu watoto katika jimbo la Rhode Island, aliandika jinsi watoto wakorofi waliopewa Benzedrine, ambayo ni amfetamini, walivyotulia na kushika masomo. Ilikuwa ajabu, maana kazi ya dawa hiyo ni kuchangamsha, si kutuliza. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi akatengeneza dawa nyingine, methilfenideti, ambayo ilikuja kuuzwa kwa jina la Ritalin, kutokana na Rita, jina la mkewe. Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1950. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ilipotengenezwa leo ni mzee aliyepita miaka 80. Haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ile iitwayo hataza, ilikwisha zamani sana, na unga wake hautoki tena katika kiwanda kimoja.

Basi fedha zinakwenda wapi?

Sehemu moja huenda katika ganda. Ritalin ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kisha nguvu zake huisha. Mtoto anayeimeza saa moja asubuhi atahitaji nyingine kabla ya adhuhuri. Makampuni yakatafuta njia ya kuifanya dozi moja idumu mchana kutwa, na Concerta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ndiyo mfano wa ufundi huo. Kidonge chake ni kama mtungi mdogo wenye tundu lililotobolewa kwa miali ya leza. Nje kimepakwa sehemu ya dawa, kiasi cha asilimia 22, inayoyeyuka mara moja. Kisha maji ya tumboni huingia ndani polepole, hufurisha safu moja ya kidonge, nayo huisukuma dawa itoke tunduni kidogo kidogo kwa muda wa saa 12 hivi. Ganda tupu hutoka na choo. Ni ufundi wa kupendeza, sikatai, lakini mnunuzi ajue kwamba analipia mtungi zaidi ya anavyolipia kilichomo.

Sehemu ya pili huenda katika jina. Kila dawa ina majina mawili: la kitabibu, ambalo ni la watu wote, na la kibiashara, ambalo ni mali ya kampuni. Hataza ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza dawa ile na kuiuza kwa jina lake la kitabibu. Hizo ndizo ziitwazo dawa za jeneriki. Marekani ilitunga sheria ya kuzifungulia njia mwaka 1984. Mfano wa juzi ni Vyvanse, iliyoidhinishwa mwaka 2007, ambayo ilibaki mikononi mwa kampuni moja hadi Agosti 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha jeneriki za viwanda kadhaa kwa mpigo. Binti wa binamu yangu alikuwa akimeza hiyo. Agosti ikapita, Septemba ikapita, Oktoba ikapita, na binamu akiendelea kulipia jina, kwa kuwa daktari alikuwa ametia alama kwenye cheti kwamba dawa isibadilishwe, wala hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamegeuka. Alipouliza, daktari aliiondoa alama ile kwa dakika moja.

Nasema haya bila kudai kwamba jeneriki zote ni sawa. Mwaka 2014 mamlaka hiyo hiyo ilitangaza kwamba jeneriki mbili za Concerta hazikuthibitika kuwa sawa na yenyewe, kwani huenda zilikuwa zikitoa dawa polepole mno kati ya saa ya 7 na ya 12. Kwa dawa za kawaida zisizo na ganda la ufundi sioni sababu ya mtu kulipia jina. Kwa zile za kudumu mchana kutwa, amwulize daktari ni jeneriki ya kiwanda gani, na akiona alasiri mtoto amerudia hali yake ya zamani, asikae kimya.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonishangaza, nami nadhani itamshangaza kila mtu wa Mombasa anayefikiri kwamba dalali hupatikana katika nyumba na magari tu. Huko Marekani kati ya kampuni ya bima, kiwanda na duka, husimama madalali wa dawa. Wao ndio huamua dawa gani iwe katika orodha ya bima, na mgonjwa alipe kiasi gani mfukoni mwake. Mwezi wa Julai 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba madalali watatu wakubwa hupitisha karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa nchini humo. Na kwa miaka mingi mikataba ya baadhi ya madalali iliwakataza wafamasia kumwambia mteja kwamba dawa yake ingekuwa rahisi zaidi kama angeilipia taslimu bila kutumia bima. Msomaji na aisome tena sentensi hiyo. Mtu amelipa bima mwaka mzima, amefika dukani, na muuzaji anayejua njia ya kumpunguzia gharama amefungwa mdomo kwa mkataba. Ilibidi itungwe sheria, iliyotiwa sahihi Oktoba 2018, ili mfamasia apate ruhusa ya kusema ukweli.

Sheria hiyo haikumlazimisha mfamasia kusema, ilimruhusu tu. Binamu ilimpasa aulize mwenyewe. Siku hizi, kabla ya kutoa kadi ya bima, huuliza bei ya taslimu. Huwapigia simu maduka matatu, maana dawa ile ile, ya kiwanda kile kile, huwa na bei tofauti mtaa kwa mtaa. Huangalia pia kadi za punguzo ambazo makampuni kama GoodRx, iliyoanza mwaka 2011, huwapa watu bure. Tena kuna la cheti. Sheria ya Marekani huziweka dawa hizi katika kundi la pili la dawa zinazochungwa, na haimruhusu mgonjwa kujaziwa tena kwa cheti kile kile. Wengi huona wamehukumiwa kumlipa daktari kila mwezi. Lakini tangu mwaka 2007 kanuni zinamruhusu daktari kuandika vyeti kadhaa kwa siku moja, vya jumla ya siku 90, kila kimoja na tarehe yake ya kujazwa. Binamu alilijua hilo mwaka wa nne wa maradhi ya bintiye. Hesabu mwenyewe ni ziara ngapi za daktari alizolipia bure.

Bei peke yake haitoshi, hata hivyo, kama dawa haipo. Oktoba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza uhaba wa Adderall, baada ya kiwanda kikubwa kuchelewa kutengeneza, na idadi ya watu wanaoandikiwa dawa hizi ikiwa imepanda wakati wa maradhi ya korona. Ulienea kwa dawa nyingine za jamii hiyo, ukaendelea mwaka 2023 na 2024. Kila mwaka serikali huweka mgao wa kiasi kinachoruhusiwa kutengenezwa, ili dawa isivuje ikaishia kwa wanaoitumia kwa ulevi. Septemba 2024 ilibidi mgao wa dawa iliyomo katika Vyvanse uongezwe kwa karibu asilimia 24. Hata Uingereza, ambako mtoto wa chini ya miaka 16 hupewa dawa yake bila kulipa hata peni, serikali ilitoa onyo la uhaba mwezi wa Septemba 2023.

Sasa turudi nyumbani, ambako hatuna madalali wale watatu wala mgao ule, lakini kufuli lipo. Methilfenideti imo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, na Kenya ilitunga sheria yake juu ya dawa za aina hiyo mwaka 1994. Duka haliwezi kuiuza kama panadol. Lazima pawe na cheti, daftari la kuandika, na kabati la kufungwa. Mwenye duka hupiga hesabu yake: kama kwa mwezi mzima atapata wateja wawili, taabu yote hiyo ya nini? Nilizunguka na dadangu katika maduka ya mjini siku mbili. Mengi hayakuwa nayo kabisa. Lililokuwa nayo lilikuwa na aina moja, yenye jina la kibiashara, ile ya ganda la kudumu mchana kutwa, na muuzaji alitaja bei kwa sauti ya mtu anayejua kwamba huna pengine pa kwenda.

Dadangu alinunua ya mwezi mmoja. Mwezi wa pili alikopa. Mwezi wa tatu nilimkuta jikoni na kisu cha kukatia ndimu.

"Kaka," akaniambia, "kidonge kimoja nikikikata mara mbili si kitanifikisha siku mbili?"

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu sidhani kwamba ni yeye peke yake. Kidonge cha kawaida kisicho na ganda la ufundi, hasa chenye mstari katikati, daktari anaweza kukuruhusu ukikate, na hiyo ni njia halali ya kupunguza gharama, maana aghalabu kidonge cha miligramu 20 hakiuzwi kwa bei maradufu ya kile cha 10. Lakini kidonge cha kudumu mchana kutwa ukikikata umeuvunja mtungi. Dawa iliyokusudiwa kutoka kwa saa 12 inaweza kumwagika tumboni kwa pamoja. Mtoto moyo utamwenda mbio asubuhi, hatakula, na adhuhuri hana kitu mwilini. Kisha mzazi husema dawa haifai, na fedha zote alizotumia zimepotea.

Tulirudi kwa daktari, naye hakukasirika. Akauliza kwa nini hatukumwambia mapema kwamba bei imetushinda. Dadangu akajibu kwamba aliona haya. Hapo ndipo yalipotoka mambo ambayo yangeweza kutoka siku ya kwanza kama swali lingeulizwa. Kwanza, cheti kiliandikwa upya kwa jina la kitabibu, ili duka lolote liweze kutoa jeneriki iliyosajiliwa nchini. Pili, kijana alihamishiwa vidonge vya kawaida vya saa nne, asubuhi na adhuhuri, ambavyo daktari alituagizia kupitia duka la hospitali yenyewe kwa bei isiyokaribiana na ile ya mjini. Tatu, akatueleza kwamba kwa baadhi ya watoto, na kwa dawa za aina hii, inawezekana kupumzisha dozi siku zisizo za masomo, mradi yeye daktari aamue; akaonya kwamba iko dawa nyingine, atomoksetini, isiyochungwa kwa ukali ule, lakini hiyo hujijenga mwilini kwa majuma na haichezewi kwa kuachwa na kurudiwa.

Akaongeza jambo ambalo halinunuliwi dukani. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 huanza na mafunzo kwa wazazi, wala hauanzi na vidonge. Hata kwa mkubwa, mtoto anayepewa kazi fupi fupi, anayekalishwa mbele, anayeambiwa jambo moja kwa wakati mmoja, hufaidi dawa yake zaidi. Nilikwenda mwenyewe kwa maalim wa kijana wetu. "Maalim," nikamwambia, "huyu hakudharau." Akanisikiliza, akamkalisha karibu naye, na badala ya ukurasa mzima akawa anampa aya tatu, akizimaliza anatumwa kuteka maji, kisha anarudi. Fimbo imekaa ukutani tangu Rajabu.

Kwa mwezi wa Ramadhani vidonge vya bei nafuu vina tabu yake, na ni vizuri niitaje, kwa kuwa vitabu vya Wazungu haviitaji. Dozi ya adhuhuri na saumu haviendi pamoja. Mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake inayojulikana; lakini vijana wetu wa miaka 12 au 13 hutaka kufunga kama wenzao, na kuwanyima ni kuwaaibisha. Hapo ndipo kidonge cha kudumu mchana kutwa kinapostahili bei yake: hunywewa mara moja wakati wa daku, pamoja na chakula cha kutosha, maana dawa hizi hupunguza hamu ya kula. Kwa kuwa ni mwezi mmoja katika 12, mzazi anaweza kuweka akiba yake mapema. Mipango hii ifanywe na daktari tangu Shaabani, isingojewe usiku wa kuandama mwezi.

Wako watakaoniambia njia fupi ipo: tumwagize mjomba aliyeko Dubai au shangazi aliyeko Muscat atutilie chupa mbili sandukuni. Nawasihi wasifanye. Nchi za Ghuba ni kali mno kwa dawa za jamii hii, na zina sababu. Ile Captagon ambayo polisi wa Saudia huikamata kwa mamilioni ya vidonge ilianza maisha yake kama dawa halali ya Kijerumani, iliyotengenezwa mwaka 1961 na kupewa hata watoto wasiotulia, kabla haijawekwa chini ya mkataba ule wa kimataifa mwaka 1986. Afisa wa forodha hatakuuliza kama mpwa wako ana shida ya makini. Hata aendaye Umra au Hija na dawa yake mwenyewe hupaswa kuomba kibali cha mamlaka ya dawa ya Saudia kabla ya safari, na Adderall hairuhusiwi kuingia kabisa. Na asije mtu akasema kwamba miraa ni ya bei nafuu na ina kathinoni, jamaa wa amfetamini. Ni kweli ina undugu huo. Lakini hakuna anayejua shada moja lina miligramu ngapi, na huyu tunayemzungumzia ni mtoto.

Kama njia fupi haipo, ndefu ipo, nasi tumekwisha kuipita mara moja. Miaka ya mwisho ya karne iliyopita dawa za ukimwi zilimgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, ambayo sheria ya hataza ya nchi yake ya mwaka 1970 haikuifunga mikono, ilijitolea kuwauzia madaktari wa misaada kwa dola 350. Mwaka huo huo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya mali ya viwandani iliyoruhusu dawa halali kuagizwa kutoka mahali popote zinapopatikana kwa bei nafuu. Haikupita kwa huruma ya makampuni. Ilipita kwa sababu wagonjwa, waliokuwa na kila sababu ya kujificha, walisimama wakasema kwa majina yao kwamba wanaumwa.

Mlinganisho huu una mipaka yake. Ukimwi ulikuwa ukiua, na kizuizi kilikuwa hataza. Methilfenideti haina hataza ya kupigania. Tena wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuitia katika orodha yake ya dawa muhimu, likakataa mwaka 2019 na tena mwaka 2021, likisema ushahidi wa manufaa na usalama wake haujatosha. Uamuzi huo una uzito hata kwetu, kwa kuwa dawa iliyomo katika orodha ile huwa rahisi zaidi kununuliwa na serikali za nchi kama yetu. Mimi naona ushahidi haba si sawa na ushahidi wa ubaya, na mtoto wa Providence wa mwaka 1937 hakuwa na ubongo tofauti na wa mtoto wa Kibokoni. Lakini wenye shaka wana haki ya kusikilizwa, na ndiyo sababu daktari hupima moyo, uzito na kimo cha mtoto kila mara.

Kwetu tatizo ni idadi. Mfamasia wa hospitali alitueleza bila kuficha. "Mama," alimwambia dadangu, "mimi nikiagiza kwa mtoto mmoja, nanunua kwa bei ya rejareja kama wewe. Nikiagiza kwa watoto ishirini, naweza kuzungumza na mwagizaji. Niletee idadi." Alitaka kujua ni watoto wangapi, wa umri gani, na wanahitaji miligramu ngapi kwa mwezi, na kila mmoja awe na cheti cha daktari. Kuhusu bima, alitushauri tuiulize kwa maandishi mamlaka ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na tuitaje sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022, ambayo inazungumzia haki ya mgonjwa kupata bima ya matibabu. Barua imekwenda. Jibu halijafika.

Idadi ndiyo kazi ngumu. Dadangu alinunua daftari la shule, akaanza na jirani mmoja wa Kibokoni ambaye walikuwa wameonana zamani kwenye chumba cha daktari na kila mmoja akajifanya hakumwona mwenzake. Huyo akamleta Bi mmoja wa Majengo, na wa Majengo akamleta wa Likoni. Wengine walikataa, hasa wenye mabinti, wakisema ni nani atakayekuja kuposa akisikia. Wengine waume zao ndio waliokataa. Mpaka juma lililopita daftari lilikuwa na watoto 11, wanane kwa majina yao kamili na watatu kwa herufi za mwanzo tu, na mfamasia amesema herufi hazimsumbui, mradi cheti kiwepo.